Sheria zenu zimetufundisha kuficha: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu na Mkuu wa TEHAMA

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kwa Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA,

YAH: SHERIA ZA USALAMA WA KOMPYUTA NA NAMNA TUNAVYOISHI NAZO

Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Mkuu wa Kitengo,

Nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mtumishi wenu wa idara ya malipo, mwaka wangu wa kumi na moja sasa. Tangu sera mpya ya usalama wa kompyuta ianze kutumika nimeandika juu yake mara tatu. Barua ya kwanza ilipitia kwa mkuu wangu wa idara ikaishia njiani. Ya pili niliipeleka masjala kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, kisha kimya. Ya tatu ilijibiwa kwa sentensi moja: sera ni sera, izingatiwe. Ndani nimebisha hodi kila mlango, ndiyo maana leo nasema hadharani. Jina la taasisi sikulitaja kwa makusudi. Sitaki kuiaibisha, na zaidi ya hapo sitaki kumwelekeza mwizi.

Sipingi usalama. Najua wezi wapo. Mwezi Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilizifunga kompyuta za hospitali nyingi za Uingereza, wagonjwa wakaahirishiwa miadi, ilhali Microsoft, watengenezaji wa Windows, walishatoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu ilimopitia, tangu Machi. Ninapoona kompyuta yangu inajisasisha usiku sinung'uniki, nashukuru. Ninachokuja kuwaambia ni kitu kingine: sheria mlizotuwekea zimeigawa taasisi hii mara mbili. Ipo ile ya kwenye makabrasha yenu, ambamo kila mtu ana nywila ngumu na hakuna faili linalotoka nje. Na ipo ile ya kwenye meza zetu, ambamo kazi inafanyika kwa kukwepa. Ninyi mnailinda ile ya kwanza. Mwizi ataingilia ya pili.

1. Nywila za siku 30

Kila asubuhi nafungua mifumo saba. Kila mmoja una paswedi yake, ya herufi 12 au zaidi, kubwa kwa ndogo, pamoja na namba na alama, isiyofanana na kumi zilizotangulia. Siku 30 zikitimia, yote yanaanza upya. Kichwa cha mtu hakibebi mzigo huo. Basi watu wamefanya ambalo yeyote angelifanya. Wamechukua neno moja wanalolipenda, wakaongeza jina la mwezi, mwaka na alama ya mshangao. Mwezi ukibadilika, paswedi inabadilika nao, na aliyeijua ya Machi tayari anayo ya Aprili. Wengine wameshindwa hata hilo, wakaziandika kwenye shajara, nyuma ya kalenda ya mezani, kwenye kikaratasi chini ya kibodi. Anayefagia ofisi jioni anaziona.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill walilipima jambo hili hasa. Walichukua akaunti zaidi ya 7,700 za chuo zilizokuwa zimeacha kutumika, pamoja na nywila zao za zamani, wakajaribu kukisia nywila mpya kwa kuitazama ya nyuma. Katika akaunti 17 kati ya kila 100 walifanikiwa kwa kukisia chini ya mara tano. Kwa hiyo, sheria inayodai kumfungia mwizi nje inamwacha na ufunguo uleule, umekwaruzwa kidogo tu.

Aliyetuletea desturi hii kwa sehemu kubwa anajulikana. Bill Burr, akiwa mtumishi wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, aliandika mwongozo wa mwaka 2003 ambao dunia nzima iliuiga: herufi za mchanganyiko, kubadilisha mara kwa mara. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi ya aliyoyaandika. Mwaka huohuo NIST wenyewe walitoa mwongozo mpya: msilazimishe watu kubadilisha nywila bila dalili kwamba imevuja, msidai michanganyiko ya alama, ruhusuni nywila ndefu, zilinganisheni na orodha za nywila zilizokwisha kuvuja. Kituo cha usalama wa mtandao cha Uingereza kinashauri vivyo hivyo. Mwaka 2019 Microsoft nao waliliondoa sharti la nywila kuisha muda katika mipangilio ya usalama wanayoipendekeza kwa Windows. Haya yote niliyaambatisha kwenye barua yangu ya pili, ile yenye muhuri.

Na kuna dogo ambalo linaniumiza kila siku. Mmezuia kubandika nywila kwenye sehemu ya kuingilia, yaani kuinakili kutoka ilipotunzwa na kuiweka pale bila kuichapa herufi kwa herufi. Maana yake mtu aliyejitahidi akatafuta programu ya kutunza nywila, akatengeneza ndefu isiyokisika, hawezi kuitumia. Mmemrudisha kwenye kikaratasi.

2. Kufungiwa nje ya kazi

Ukikosea mara tatu, akaunti inafungwa. Kuifungua ni mpaka uandike ombi kwenye mfumo wa maombi, na mfumo huo unaingiwa kwa akaunti ileile iliyofungwa. Ukipiga simu dawati la msaada baada ya saa kumi jioni, inaita tu.

Mwezi uliopita ilinikuta siku ya kufunga hesabu. Nilikuwa nimebadilisha paswedi jana yake kama mlivyoagiza, vidole bado vina mazoea ya ile ya zamani. Saa kumi na moja jioni, malipo 64 yanasubiri, na nyuma ya kila malipo yupo mtu anayeisubiri fedha yake. Mwenzangu wa meza ya pili aliniangalia, akasema: "Kaka, ingia kwa ya kwangu, watu wasilale bila hela zao." Nikaingia. Malipo yote 64 niliyaandaa kwa jina lake.

Nalikiri hapa nikijua linaweza kunigharimu. Lakini nawaomba mlitazame vizuri, maana kwa maoni yangu ndilo jeraha kubwa kuliko yote tuliyo nayo. Kumbukumbu za mfumo zinasema yeye ndiye aliyekuwa kazini saa ile. Malipo moja kati ya yale yakiwa na kasoro, atakayeitwa kujieleza ni mama wa watu aliyekuwa kwenye basi akirudi nyumbani. Na siku mtu mbaya akiingia kwa jina la mwenzake, mtamtofautishaje na mimi? Sheria iliyokusudiwa kuonyesha nani kafanya nini ndiyo iliyofanya isijulikane nani kafanya nini.

Jambo hili lina umri sawa na nywila zenyewe. Kompyuta za kwanza kutumia nywila kwa watu wengi zilikuwa kwenye chuo cha teknolojia cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1962 mwanafunzi wa udaktari, Allan Scherr, alikuwa amepangiwa saa nne tu za kompyuta kwa wiki, na utafiti wake ulihitaji zaidi. Akapata njia ya kuagiza mashine imchapie faili la nywila zote, akawa anatumia muda wa wenzake. Wizi wa nywila wa mwanzo kabisa tunaoujua ulifanywa na mtu aliyetaka kumaliza kazi yake.

3. Simu zetu

Uthibitisho wa hatua mbili, yaani kuulizwa tena kwenye simu baada ya kuandika nywila, naukubali, ni kinga ya kweli. Ila mmeuweka kwenye simu zetu binafsi bila kutuuliza, kwa bando tunalolinunua wenyewe, na unaita mara kumi na tano kwa siku, hata ukitoka tu kwenda msalani na kurudi. Kidole gumba kimeshazoea kubonyeza "ndiyo" kabla jicho halijasoma. Septemba 2022 kampuni ya Uber iliingiliwa hivyohivyo: mdukuzi aliyekuwa na nywila ya mkandarasi alimrundikia maombi ya uthibitisho mpaka akakubali moja.

4. Mafaili

Flashi mmezizuia, na sababu naiona. Barua pepe yenye kiambatisho kizito hairuhusiwi. Njia rasmi ya kutuma faili kubwa ipo: fomu, sahihi mbili, na kwa uzoefu wangu siku tisa. Kazi inatakiwa leo.

Kwa hiyo watu wanatumia WhatsApp. Nasema watu, nami nimo. Nakala za vitambulisho na namba za akaunti za benki za wananchi wanaotuamini zimelala kwenye simu zetu, katikati ya picha za watoto na za harusi. Simu ya mmoja wetu iliibwa mwaka huu. Alinunua nyingine, akanyamaza. Hakuna ripoti iliyoandikwa, kwa sababu kwa mujibu wa sera nyaraka zile hazikuwahi kuwa kwenye simu ile. Hili linaninyima usingizi kuliko yanayonihusu mimi mwenyewe, kwa kuwa wale watu hawajui.

5. Mitego na orodha ya majina

Kila robo mwaka mnatutumia barua pepe za uongo ili kutupima. Kupima si vibaya. Ila ile ya mwisho ilisema malimbikizo ya mishahara yamepitishwa, bonyeza hapa kuthibitisha jina lako. Ndugu Mkurugenzi, malimbikizo yale tunayadai kweli. Kuna watu waliibonyeza huku mikono ikitetemeka kwa furaha. Dakika moja baadaye kioo kikawaambia wameshindwa mtihani, na Jumatatu majina yao yakabandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na lifti. Mmoja ni mzee wa miaka 58 aliyemfundisha kazi kila mtu katika idara yetu, nami nikiwa mmoja wao. Alisimama mbele ya ubao ule akasoma jina lake, kisha akarudi mezani bila kusema na mtu.

Wiki mbili baadaye dada mmoja wa ghorofa ya chini aliletewa barua pepe nyingine ya uongo, na hiyo haikutoka kwenu. Aliifungua, akaandika nywila yake, kisha akashtuka. Aliujua utaratibu: toa taarifa mara moja. Alikumbuka pia ubao. Alikaa nalo siku tatu. Aliponieleza, alikuwa analia, na mimi ndiye niliyemsindikiza mpaka kwenu. Mlimpa barua ya onyo.

Siku tatu, Ndugu Mkuu wa Kitengo. Laiti angekuja dakika ileile, mngebadilisha nywila moja na kazi ingekwisha. Mficha maradhi kilio humuumbua, wamesema wahenga, lakini hapa kwetu anayeyataja maradhi ndiye anayeumbuliwa, basi nani ataugua hadharani?

Mwaka 2021 watafiti wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wafanyakazi zaidi ya 14,000 wa kampuni moja kwa miezi 15. Kuwapa watu mafunzo pale wanaponasa kwenye mtego, kama mnavyofanya ninyi, hakukuwafanya wawe imara zaidi, na kwa wengine kulileta matokeo kinyume. Kilichofaa ni kitufe chepesi cha kuripoti barua yenye mashaka. Watu walikitumia, walikitumia upesi, na hawakuchoka. Yaani wafanyakazi walewale wanaoitwa tatizo walikuwa walinzi. Sisi hatuna kitufe hicho. Tuna ubao.

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeshayasikia kwenye vikao.

Litakuja la wakaguzi, kwamba ndio wanaodai nywila zibadilishwe. Inawezekana orodha yao ni ya zamani. Lakini mkaguzi anaweza kuandikiwa. Mwambieni hatari mnayoikinga na njia mliyochagua badala yake, na mwonyesheni mwongozo wa NIST. Barua kama hiyo ni kazi ya siku moja, na haijawahi kuandikwa.

Litakuja la uzembe, kwamba shida ni watumiaji. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwalimu mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi Ufaransa, aliandika masharti sita ya mfumo mzuri wa maandishi ya siri ya kijeshi. La sita linataka mfumo uwe rahisi kutumia, usimchoshe mtu akili wala kumdai akariri msururu mrefu wa kanuni. Aliwafikiria askari walioko vitani, na hakuna aliyemwambia kwamba askari ni wazembe. Mwaka 1999 Anne Adams na Angela Sasse wa University College London waliwasikiliza watumiaji wa nywila, wakaonyesha kwamba watu huvunja sheria pale zinapogongana na kazi yao na pale ambapo hakuna aliyewaeleza hatari yenyewe ni ipi. Kwa miaka yote ya sera hii, hakuna mtu wa kitengo chenu aliyewahi kukaa kwenye meza yetu na kuuliza siku yetu inakwendaje.

Litakuja la fedha. Kuondoa ubao wa majina hakuhitaji bajeti. Kuacha kubadilisha nywila kila mwezi kunawapunguzia kazi ninyi wenyewe, maana simu nyingi za dawati la msaada ni za watu waliofungiwa.

Na litakuja la usawa, kwamba sheria ni moja kwa wote. Hapa naomba radhi, Ndugu Mkurugenzi, kwa kuwa nakuheshimu. Nywila yako anaishika katibu muhtasi wako, na ndiye anayekujibia barua pepe ukiwa safarini. Silisemi ili kukushitaki. Nalisema kwa sababu linaonyesha kwamba hata wewe, mwenye mamlaka ya kuibadilisha sera hii, hukuweza kuishi nayo.

Wakati huohuo, akaunti ya mwenzetu aliyestaafu mwaka juzi bado inafunguka. Mwaka 2021 bomba kubwa la mafuta la Marekani, Colonial Pipeline, lilisimamishwa kwa siku kadhaa baada ya wadukuzi kuingia kwa akaunti ya zamani isiyotumika, iliyolindwa kwa nywila peke yake. Nguvu zinazotumika kutukaba sisi tuliopo zingetosha kuwafungia waliokwisha kuondoka.

Kwa hiyo naomba haya. Nywila zisibadilishwe kwa kalenda, zibadilishwe kukiwa na dalili ya kuvuja. Turuhusiwe ndefu za maneno matatu au manne yasiyohusiana, turuhusiwe kubandika, na mtupe programu moja ya kutunza nywila iliyoidhinishwa. Dawati la msaada liwe na mtu siku za kufunga mwezi mpaka kazi iishe, na namna ya kuomba kufunguliwa isiyohitaji akaunti iliyofungwa. Kama uthibitisho utabaki kwenye simu, mtupe vifaa vya kazi au vile vifunguo vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta, na usiulizwe upya kila tunapoinuka kitini. Njia rasmi ya kutuma mafaili ifanye kazi ndani ya siku hiyohiyo. Akaunti za waliostaafu zifungwe wiki hii.

Na la kwanza kwangu, ambalo nimeliacha nyuma ili lisomwe peke yake: ubao uondolewe, barua ya onyo ya yule dada ifutwe kwenye faili lake, na mtangaze kwa maandishi yenye sahihi zenu zote mbili kwamba anayekuja kusema "nimekosea" siku hiyohiyo haadhibiwi. Bila hilo, hayo mengine yote mtayafanya gizani, kwa kuwa hamtaambiwa ukweli wa kinachoendelea.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Naomba pia mmoja wenu aje akae nasi siku ya kufunga hesabu, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka tutakapomaliza, atazame bila kuandika jina la mtu. Kiti kipo, karibu na dirisha. Yule mzee wa miaka 58 amekubali kumwonyesha kazi.

Wenu katika kazi,

Mtumishi, Idara ya Malipo